Mkwe Darajani

Baba Gloria,

Gloria ameota meno mawili. Barua nampa dereva wa lori la mbao, maana simu yako haipatikani.

Baba yako kachanganyikiwa tena. Juzi alishika njia ya watalii hadi Daraja la Mungu, akasimama ukingoni mwa lile jiwe lililolala juu ya mto. Mimi nilijificha migombani, kwa kuwa mila hainiruhusu kumkaribia mkwe wangu. Nilipiga kelele, maji ya Kiwira yakazimeza. Alipoinua mguu nilimkimbilia, nikamkumbatia.

Akili ikamrudia palepale, akaona ni mimi. Tangu hapo anajifunika uso kwa aibu, na chakula nilichopika hakigusi.

Njoo umlishe wewe, tafadhali. Nilimwokoa asife mtoni, sasa ananifia ndani.

Mkeo,
Lusia