Nimekuja na Mama Somoe

Kwako baba yangu, uliyelala Narung'ombe,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mdomo wangu haukubali kuanza na wewe kwa neno jingine. Ulitulea hivyo: hata mtu akiwa na hasira, kwanza shikamoo, ugomvi baadaye. Leo ugomvi sina. Nimekaa barazani hapa Nachingwea, mume wangu yuko shuleni, na mbele yangu kuna kikapu kipya. Nataka nikueleze kimefikaje hapa, maana bila wewe na mama kisingekuwepo. Nitaanzia mbali kidogo, univumilie.

Mama alifariki mwaka niliomaliza darasa la saba. Alipozidiwa alikuwa amekaa kwenye mkeka wake anamalizia kushona kikapu. Ukindu alikuwa ameuloweka na kuusuka mwenyewe, mweupe wenye mistari ya zambarau, na ukili wote, ule mkanda aliousuka, alishauzungusha na kuuunga. Ilibaki mikono tu. Watu walipotawanyika msibani, kikapu kilikuwa kinaning'inia bado kwenye boriti ya baraza, hakina mikono, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Mimi nilikuwa nikipita pale natazama chini.

Wewe ndiye uliyekishusha. Ulikaa nacho jikoni, mahali ambapo hukuwa na mazoea ya kukaa, ukasokota kamba ya katani, ukaipenyeza kwenye ukili, ukakaza mafundo. Hukuwahi kushona kitu maishani zaidi ya mdomo wa gunia la korosho, na kweli mikono ile ilitoka minene kama kamba ya kufungia mbuzi. Ulipomaliza ulikivuta kwa nguvu zako zote ukaona kimekubali. Siku ya gulio ilipofika, ukakitia mkononi tukaondoka.

Unakumbuka kicheko cha siku ile? Mwanamume kwenda gulioni na kiroba begani, sawa. Na gunia nyuma ya baiskeli, sawa pia. Lakini kikapu cha ukindu mkononi, tena cha mistari ya zambarau! Muuza chumvi mmoja alikuuliza kwa lafudhi ya kwetu, kwa sauti ili wote wasikie, "Mzee Salumu, siku hizi umekuwa nwali?" Watu wakaangua kicheko. Wewe ukakiinua kikapu kidogo ukamjibu taratibu, "Nimekuja na mama Somoe."

Hukucheka wala hukukasirika. Yule muuza chumvi alishusha macho, akakupimia, halafu akaongeza konzi nzima juu bila kuombwa. Mimi nilikuwa nyuma yako nimeuma pindo la khanga. Nilitaka ardhi inimeze, na papo hapo nilitaka dunia nzima ikusikie. Sijawahi kukuambia hilo.

Toka siku ile ikawa ndiyo desturi yako. Jioni ulikiosha, ukakitundika kwenye tawi la mkorosho kikauke. Samaki ulitaka wafungwe kwenye gazeti kwanza ili harufu isikae ndani. Ming'oko, mizizi yetu ya porini, ulikung'uta udongo kabla ya kuiweka. Mama alipokuwa hai hatukukuona ukimbebea hata kuni. Alipoondoka ndipo ulipojua kumbebea, na hukuacha tena.

Miaka ile rambo zilikuwa fahari. Aliyerudi kutoka Lindi na mfuko wa nailoni ulioandikwa maandishi alitembea nao kijijini polepole, ionekane. Nyumbani mfuko unaoshwa kwa sabuni, unaanikwa kwenye ua, unakunjwa na kulazwa chini ya godoro. Na mimi nilikuwa nayo yangu, ya bluu, nikaichukulia kama khanga ya sikukuu. Nilipoolewa na mwalimu wa kutoka Bukoba, mtu wa ndizi ambaye mpaka leo anashangaa watu wazima kula mizizi ya porini, nilihamia naye mjini na rambo yangu kwenye sanduku.

Baadaye zikaja zile nyepesi. Fungu la mchicha, rambo. Vitunguu, rambo. Hata ukinunua kiberiti unafungiwa. Hazikuoshwa tena wala kukunjwa. Ulipokuja kuishi kwetu, macho yako yakiwa yamepungua nguvu, ulikuta jikoni nimeijaza rambo moja kwa rambo nyingine hadi ikawa kubwa kama mto wa kulalia. Ulishuka kwenye gari na begi dogo na kikapu. Mume wangu alikupokea begi. Kikapu ulikataa kumpa.

Nilipokitazama kikapu siku ile niliingiwa na hofu. Ukili wa kitako ulikuwa umelika, mistari ya zambarau imebaki kwa kukisia. Ulishakitia viraka vya mkeka sehemu mbili tatu. Hicho ndicho kitu pekee kilichobaki cha mikono ya mama, baba. Nguo zake ziligawiwa msibani, sufuria zilitoboka, picha hakuwahi kupiga. Na mimi, binti yake wa pekee, sikujua kusuka. Aliponiita kwenye mkeka nilikuwa na masomo, na alifurahi niwe na masomo. Kikapu kile kikiisha, basi na mama ameisha.

Kwa hiyo nikakuomba tukitundike sebuleni, kwenye ukuta, pembeni ya saa. Nilitafuta na msumari kabisa. Nikakwambia rambo zipo, hazina gharama, acha kikapu kipumzike. Ukajibu, "Somoe, mama yako hakusuka picha."

Sikukubali. Wote tuna vichwa vigumu, na mimi changu nimekirithi kwako. Asubuhi moja nikakiweka juu ya kabati, nikakupa rambo mkononi ukaenda nayo sokoni. Ulirudi nyanya ukiwa umezikusanya kwenye pindo la shati, bamia ziko ndani ya kofia, na rambo imekunjwa mfukoni vilevile kama nilivyokupa. Ukaviweka vitu mezani kimoja kimoja. Nilikuuliza kulikoni. Ukajibu, "Leo nimekwenda sokoni peke yangu."

Nilipanda kwenye kiti nikakishusha.

Pale sokoni Nachingwea ulimpata mtani wako, Bi Rehema, yule Myao muuza mchicha mwenye sauti ya kufukuza kunguru. Kila ukifika anakukunjulia rambo mbele ya watu: "Mzee, mkeo ameshachakaa huyo, nchukue huyu kijana wa nailoni, hana hata mikunjo!" Na wewe unajibu, nimekuja na mama Somoe, na yeye anajibu kwamba mama Somoe anavuja, na wewe unamwambia Wayao hawajui kitu ila maneno. Wageni walidhani mnagombana. Mume wangu ilimchukua muda kuelewa kwamba Mmwera na Myao wakitukanana hivyo ndiyo wanapendana. Siku usipokwenda, Bi Rehema aliniuliza habari zako kwa sauti ya chini, bila utani wowote.

Ulipofariki tulikurudisha Narung'ombe, ukazikwa karibu na mama kama ulivyoagiza. Bi Rehema alipanda gari pamoja nasi. Tumetoka makaburini, watu wamekaa na nyuso zimevimba, mara anatokea mlangoni amevaa kofia yako, mkononi ana kikapu. Alitembea ule mwendo wako wa kutafuta njia kwa mguu wa kulia. Akawapitia wanawake mmoja mmoja: "Naomba vitunguu. Rambo sitaki, weka umu umu. Nimekuja na mama Somoe." Watu walicheka hadi wakalia, na waliokuwa wameshindwa kulia wakapata kulia. Mimi nilicheka pia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ukate roho.

Halafu akaondoka nacho.

Unajua mwenyewe, alichokichukua mtani msibani hakidaiwi. Lakini mimi nilitoka nje nikamfuata mpaka kwenye gari, nikamwomba. Nikamwambia achukue kofia, achukue baiskeli, anirudishie kikapu tu. Alinijibu, "Mwanangu, marehemu ni ntani wangu. Tulia." Niliumia sana, baba. Nilimchukia kwa siku nyingi, na sokoni nikawa nanunua mchicha upande wa pili. Kwa mbali nilikiona kikapu chini ya meza yake, kimejaa majani. Anakitumia!

Siku ya arobaini alikuja Narung'ombe nacho. Kumbe ndiyo ilikuwa nia yake. Alikuwa amekijaza mbaazi, mihogo, nazi, na juu kabisa ming'oko, amekibeba kichwani tangu barabarani. Alipofika mlangoni akakishusha ili anikabidhi mkononi, akainama, na kitako kikaachia. Mbaazi zikamwagika kibaraza kizima, nazi ikabingirika hadi uani. Nilipiga magoti nikawa naokota mbaazi, naokota tu, sioni hata ninachookota. Bi Rehema akakaa chini kando yangu, akaushika mkono wangu, akasema, "Amechoka huyu mama yako. Amewabeba miaka yote. Nwacheni apumzike, akae na nzee wake."

Nikalia, baba. Nilimlilia mama siku ile kuliko siku tuliyomzika, maana wakati huo nilikuwa mtoto na sikujua nilichopoteza.

Tulikata mikono ya kikapu kabla ya kukizika kando yako. Ile uliyoisokota wewe ilikuwa mizima, haina hata uzi uliolegea. Niliifunga kwenye khanga pamoja na kipande kimoja cha ukili nikarudi nayo mjini, nikaendelea na rambo kama kila mtu. Ni rahisi mno, sitasema uongo: unatoka nyumbani mikono mitupu, unarudi umejaa. Nilikuwa nanunua haraka, narudi haraka, na sikumbuki hata siku moja niliyozungumza na mtu njiani.

Msimu wa korosho ulipokaribia nilikwenda kufagia chini ya mikorosho yako, na makaburini. Upepo ulikuwa mkali. Kati ya kaburi lako na la mama kulikuwa na kichaka kidogo, na kwenye kichaka rambo imenasa, nyeusi, imejaa upepo, inapiga kelele. Niling'oa ile, nikaona nyingine, na nyingine imeshazikwa nusu kwenye udongo wa kwako. Wewe uliyekataa kuitumia ukiwa hai, imekufuata hadi huku. Nilisimama pale nikaona aibu kwa niaba ya sote. Nilizitoa zote kwa vidole, na hata nilipomaliza sikuridhika.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Bi Rehema nikamwambia, nifundishe kusuka. Alinicheka soko zima lisikie, kwamba Wamwera wanajua kula ming'oko tu. Kesho yake alikuja kwangu na mzigo wa ukindu kutoka kwa ndugu zake. Ukili wangu wa kwanza ulipinda, akaufumua. Wa pili ukapinda, akaufumua. Vidole vilinipasuka. Lakini kuna alasiri moja mkono ulianza kwenda wenyewe, na nikagundua nimekaa kama mama: mguu mmoja nimeunyoosha, mwanzo wa ukili nimeubana kwa kidole gumba cha mguu. Hilo Bi Rehema hakunifundisha. Nilikuwa nimeliona utotoni bila kujua kwamba naliangalia.

Kikapu kimekwisha juzi. Si kizuri kama cha mama; upande mmoja kimelala kidogo. Ndani, kwenye kitako, nimeshonea kipande cha ukili wake, kile chenye mstari wa zambarau unaoonekana bado. Na mikono ni ile yako, minene vilevile. Mume wangu alikivuta akasema hiki kitabeba mkungu wa ndizi, na kwa mtu wa Bukoba hiyo ni sifa kubwa.

Jana nilikwenda nacho sokoni. Meza ya nyanya ina binti mgeni, mpole, hanijui. Alinipimia, na bila kuuliza akafungua rambo kwa kuipulizia. Nilikuwa sijapanga kusema lolote, baba, naapa. Nilikiinua kikapu kidogo, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu na haikuwa yangu. Nikasema, "Asante, mwanangu. Nimekuja na wazee wangu."

Yule binti alinitazama asielewe. Bi Rehema, kwenye meza ya pili, alikuwa amesikia. Nilimsubiri aanze maneno yake, nami nilikuwa nimeshajiandaa kujibu. Hakuanza. Aliacha mchicha, akafuta mikono kwenye khanga, akainama hadi usawa wa kikapu.

"Shikamooni," akasema.

Nimeona niwafikishie salamu hiyo. Lala salama, baba, na umsalimie sana mama.

Ni mimi mwanao,
Somoe