Maneno ya Baba Baada ya Simu Kuzima

Mtaa wa Sogea,
Tunduma, Mbeya.
17 Machi 2013

Mpendwa mdogo wangu Zahoro,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Kitwe, pamoja na wifi yangu Rosemary na watoto. Mgongo wako umepona, au bado unaendesha lori umejifunga shuka kiunoni kama mama aliyejifungua juzi? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mengine utayasoma.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi, wakati hata wachoma mahindi wana simu. Nimekupigia mpaka nimechoka, hupokei. Ndiyo maana nimempa dereva Ayoub, anayepeleka mchele huko, akutie karatasi hii mkononi. Karatasi haiishiwi chaji.

Unaikumbuka simu ya baba, ile ya laini mbili. Zahoro, ile simu imenitesa kuliko mtoto mwenye surua. Betri ilivimba mpaka mfuniko wa nyuma ukakataa kufunga, tukaubana kwa mpira. Tukanunua betri nyingine, nayo ikavimba kabla hatujaizoea. Na mpakani hapa unapajua: simu ikiwa chumbani inashika mtandao wa kwetu, ukisogea dirishani inashika wa Zambia, inahangaika huku na huku mpaka chaji inakwisha na hakuna hata aliyepiga. Umeme nao unakatika watakavyo wenyewe. Simu yangu iliibwa sokoni, kwa hiyo nyumba nzima tulibaki na hiyo moja, na kila mara naipeleka kwa Watson, fundi mwenye jenereta kule karibu na forodhani, ikapange foleni na simu za watu wengine.

Baba alikuwa amekwisha kwa maradhi. Daktari alishatuambia turudi naye nyumbani. Hakutaka chakula wala wageni, alitaka jambo moja tu: asiondoke duniani mkiwa hamsemeshani. Tangu umwoe Rosemary bila kumwambia, naye akakufukuza, kila mmoja wenu alikuwa anangoja mwenzake aanze. Maji hufuata mkondo; ubishi wako hukuuokota njiani.

Ulipomtuma Ayoub aseme utapiga saa mbili ya usiku, baba alikaa kitandani mwenyewe bila kushikwa. Akaamuru simu izimwe mchana kutwa ili chaji itunzwe. Tukawa tunaiwasha saa mbili, anaishika mkononi mpaka inazima yenyewe, anarudi kulala. Sisi watu wa Tunduma tunaishi na saa mbili tofauti, ya huku na ya ng'ambo, na tukienda kununua kitu kwa Wazambia hatukosei hata siku moja. Lakini kwa jambo hili hakuna aliyeuliza ni saa ya nani. Sisi tulikuwa tumeshazimikiwa simu, ndipo nawe unapiga kwa saa ya kwenu, iliyo nyuma, unaambiwa simu haipatikani. Jirani yetu Ikram, anayeuza vitenge pande zote mbili, ndiye aliyenifungua macho.

Usiku uliofuata tukaiwasha saa tatu ya kwetu, ndiyo saa mbili ya kwenu. Ikaita. Baba akapokea, akasema, "Zahoro, mimi na wewe..." Hapo hapo ikazima.

Hayo ndiyo uliyoyasikia, nawe ukaamini amekukatia. Ulinitamkia hivyo nilipokupa habari ya msiba, kisha ukakata wewe. Hukuja kumzika, na hata arobaini imepita.

Hakukukatia, Zahoro. Hakujua kwamba imezima. Aliendelea kusema, simu iko sikioni, nami nimekaa mkekani karibu na miguu yake. Nakuandikia kama alivyosema: "Mimi na wewe tumeoneshana ubabe wa kutosha. Nilikufukuza kwa hasira, si kwa moyo. Mlete huyo mkeo, naye ni mwanangu. Nimekusamehe, na wewe unisamehe. Haya, sema basi."

Akangoja. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza kwa bidii. Nikamwambia baba, simu imezima.

Akaniangalia. "Usimfichie, Pili. Amenyamaza."

Nikamwonyesha kioo cheusi, nikabonyeza, haikuwaka. Hakuniamini. Miaka yote mimi ndiye nimekuwa nikikutetea kwake, akaona ni yale yale. Umeme haukuwapo, Watson alishafunga, na namba yako ilihifadhiwa ndani ya simu, si kwenye laini, hata ningeazima ya mtu isingenisaidia. Niliwahi kwa Watson asubuhi kabla hajafungua mlango. Niliporudi nayo imejaa chaji, nilikuta baba amefunikwa shuka. Siku hiyo betri ilidumu mpaka wanaume wakarudi kutoka makaburini. Nusura niipasue kwa jiwe.

Usiku ule, kabla hajalala, alisema tena jambo moja, na ndilo la mwisho nililolisikia kinywani mwake: "Hata asiponijibu, radhi yangu anayo."

Kwa hiyo radhi unayo, mdogo wangu, na asikudanganye mtu. Lakini mzee amekwenda akiamini umemnyima jibu, na hilo mimi sina mlango wa kubisha ili lirekebishwe. Linaniuma, na nimeona likuume na wewe pia, kuliko uendelee kuumwa na la uongo.

Shangazi Stamili anakusalimu sana. Binti yangu Fauzia anawasalimu binamu zake asiowajua kwa sura. Mpe Rosemary salamu zangu, na umsomee yale aliyoyasema baba juu yake, usiruke hata neno.

Mola akulinde na barabara na akurudishe kwetu salama. Njoo na mkeo. Nitakupeleka mpaka kaburini, nitakuacha hapo peke yako, umjibu.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Pili binti Uledi