Upepo wa Katikati ya Mbuga

Kijiji cha Mwanulu,
Kishapu, Shinyanga.
19 Septemba 2024

Mpendwa Kaka Bartholomeo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mafinga, na kwamba kifua hakikusumbui tena na ile baridi yenu. Shemeji Rhoda na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua bado, ng'ombe wamekonda, na pamba ya mwaka huu usiiulize.

Najua umeshapigiwa simu ukaambiwa kwamba mama yako, Shangazi Scolastika, alisingiziwa uchawi na sasa mambo yametulia. Ni kweli. Lakini aliyekupigia hakukueleza sehemu yangu, na sitaki uisikie kwa mtu mwingine. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningekwepa.

Mwezi uliopita fisi alimuua mtoto wa jirani yetu Enock. Kwa kuwa mimi ndiye askari wa wanyamapori niliyezaliwa hapa, nikatumwa kummaliza. Nilimwona saa saba mchana, amelala kwenye kivuli cha mwamba ng'ambo ya mbuga, mita mia nne hivi, ananielekea. Nusu ya kijiji walikuwa nyuma yangu wanatazama. Unayajua majivuno yangu ya shabaha.

Risasi ya kwanza ilipiga vumbi kushoto kwake. Fisi akainuka, akasimama anashangaa, maana mwangwi ulimjia kutoka kila upande wa miamba. Nikajiambia darubini ya bunduki imetikisika kwenye pikipiki, nikazungusha kitufe chake ili risasi ihamie kulia. Kumbe hakuna kilichotikisika. Pale nilipolala kulenga palikuwa shwari, ila katikati ya mbuga upepo ulikuwa unavuma kutoka kulia, na kwa umbali ule upepo wa kupeperusha majani tu unaisogeza risasi zaidi ya shubiri. Nilipofyatua ya pili upepo ulikuwa umekata, ikaenda kulia. Nikarudisha kitufe, upepo nao ukarudi, ya tatu ikaenda kushoto. Fisi akatimka, akapita nyuma ya boma la Shangazi.

Tulifundishwa kusoma mazigazi, ile hewa ya joto inayochezacheza juu ya ardhi kama juu ya sufuria. Yakilala upande mmoja, upepo uko, hata kama wewe huusikii. Siku ile yalikuwa yamelala wazi mbele ya jicho langu. Sikuyasoma, kwa haraka ya kusifiwa.

Mzee Bujiku, kamanda wa sungusungu, akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, umeona? Risasi zinamkwepa. Huyo fisi ana mwenyewe." Watu wote wakageuka kutazama boma la Shangazi, mjane anayeishi peke yake.

Nilijua palepale, kaka. Lile vumbi la kushoto na kulia lilinieleza kila kitu. Nikanyamaza. Niliona afadhali niitwe mlengaji aliyerogwa kuliko mlengaji aliyekosea. Nilinyamaza siku mbili nzima, na mama yako akawa analala kwa katekista.

Siku ya tatu nilipita kwa Enock nikakuta vijana wananoa mapanga. Nikamkumbuka Bibi Lusia, naye aliyeitwa mchawi, tuliyemzika tukiwa bado shule ya msingi, na jinsi jeneza lake lilivyofungwa tusimwone. Miguu ikanipeleka yenyewe kwa mtendaji wa kijiji, nikaomba mkutano.

Tulikwenda mbugani saa saba ileile. Shangazi alitoa debe lake la maji, tukaliweka kwenye mwamba. Nikachomeka vijiti katikati ya mbuga, kila kimoja na kipande cha kanga. Mzee Bujiku akachungulia kwenye darubini.

"Mbona debe linacheza?"

"Ndivyo alivyocheza fisi, baba. Ni joto na upepo."

Nikafyatua kama siku ile, vumbi likaruka kushoto. Kisha nikatazama kanga zinavyopepea, nikazungusha kitufe milio minane, kila mlio ni kama sentimita tatu kule mwambani. Debe likalia hadi huku tulikosimama. Nikawaambia wote kwamba kosa lilikuwa langu. Enock aliketi chini akalia.

Fisi nilimpata alfajiri ya keshokutwa yake, hewa ikiwa imetulia, kwa risasi moja. Watu walimgeuzageuza wakitafuta shanga au alama ya mwenyewe. Walikuta kupe tu.

Lakini sina raha, kaka. Siku ile ya debe Shangazi alichungulia wa mwisho, na alichungulia kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Ignas, haya uliyajua lini?" Nikamjibu, siku ileile. Alivuka mbuga mwenyewe hadi kwenye mwamba, akachukua debe lake lililotoboka, akarudi nalo nyumbani.

Nimemnunulia jipya. Mpaka leo liko nje ya mlango wake, pale nilipoliacha.

Ukipata ruhusa kazini, njoo. Kuhama amekataa, ila anahitaji mtu wa kuketi naye, na mimi si mtu huyo kwa sasa.

Wasalimie sana Shemeji Rhoda na mwanenu Fredy. Mke wangu Salome na jirani yetu Mama Aneth wanawasalimu. Salamu za mama yako sikuzileta. Nilimwambia nakuandikia, nikamwomba anipe neno la kukufikishia, akaendelea kupepeta mtama.

Mungu awalinde huko mliko, na anisamehe mimi huku.

Ni mimi nduguyo, ninayekupenda hata utakapokasirika,

Ignas