Najifunza Kijerumani kwa Hasira

Jumapili, 2 Machi

Naandika nikiwa bado na hasira. Nikisubiri zipoe nitajidai mtu mzima na kusamehe, na leo sitaki.

Tulipiga simu ya video kama kila Jumapili. Kijana wetu kule kwake Ujerumani, na mjukuu amekaa mapajani pake. Miaka sita. Namwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Mtoto akaongea — na si kidogo. Aliongea mpaka pumzi zikamwisha, mikono inapaa, mara ananinyooshea kidole, mara anakaribia kulia. Mimi nimekodoa macho kama mbuzi anayepigiwa gitaa. Nikamuuliza baba yake, anasema nini?

"Anakusalimia, Baba."

Anakusalimia! Hotuba nzima ile imekuwa neno moja. Mimi ni fundi wa friji. Ukiniletea friji imeelemea upande ukaniambia ndani mna yai tu, nitafungua mlango niangalie.

Nikauliza swali langu la siku zote: mnakuja lini? Akajibu jibu lake la siku zote: mama yake Chiriku hapendi safari ndefu. Mkwe mwenyewe alikuwa pale nyuma anakausha vyombo. Akanipungia kitambaa. Mjerumani wa watu, ni mkwe wetu miaka yote hii na hatujawahi kuambiana zaidi ya halo. Hapendi safari. Hatupendi sisi, aseme tu.

Mama Watoto kaniletea maji. Anasema nakunja ndita mpaka nimefanana na marehemu baba yangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimejiandikisha. Darasa la jioni, ghorofani, juu ya duka la dawa. Dada wa mapokezi akaniangalia, akaangalia nyuma yangu, akauliza mwanafunzi yuko wapi. Nikamwambia unamwona. Akaomba radhi — alidhani nimekuja kumwandikisha mtoto.

Mtoto wangu nilishamwandikisha zamani. Ndiyo maana leo yeye anaongea Kijerumani na mimi siongei. Hilo sikumwambia. Nimekuja kulisema hapa.

Alhamisi, 13 Machi

Lugha hii ina dharau. Kila kitu kina jinsia. Mwezi mwanamume. Jua mwanamke. Friji mwanamume — nimezifungua friji maisha yangu yote, ndani na nje, sijaona dalili. Hayo nimeyameza. Lakini msichana? Mwalimu kaandika ubaoni: msichana si wa kike. Si wa kiume wala wa kike, yuko kundi moja na kisu. Nikanyoosha mkono. Nikasema Mwalimu, mimi nina mjukuu wa kike, hiyo si kweli. Darasa zima likacheka. Mwalimu mwenyewe ni binti mpole, sauti yake ndogo. Akasema ndivyo ilivyo, mzee wangu, sarufi hatuigombezi.

Nyumbani nikamlalamikia Mama Watoto. Alikuwa anakunja nguo, hata kichwa hakuinua.

"Kwetu mtu na mti wote wanaanza na m. Umewahi kwenda kuugombeza mti?"

Nikaenda kuoga na swali hilo. Nalo limeniudhi.

Jumamosi, 22 Machi

Mwalimu alisema tubandike majina ya vitu nyumbani, macho yazoee. Mimi vitu vyangu ni friji za watu. Nikabandika vikaratasi karakana nzima: mlango, taa, baridi, barafu. Friji ya mama mmoja wa mtaa wa pili ikaondoka na kikaratasi ndani ya freeza.

Leo kairudisha kwa mkokoteni. Mama mkwe wake kakiona, kajaribu kukisoma, kashindwa, kagoma kula chochote kilichotoka humo. Anasema fundi kafunga kitu. Nikaeleza: neno hilo ni barafu tu, Kijerumani. Mama akaniuliza, na barafu kwa nini isiandikwe barafu?

Nimeipangusa mbele yake yote, mpaka ndani ya raba ya mlango. Kaondoka akigeuka nyuma. Naonekana mchawi kwa sababu ya barafu! Ulimwengu mzima umekula njama nisisome.

Jumapili, 30 Machi

Nimemwambia kijana wetu kwamba nasoma. Nilitegemea acheke. Nilitegemea afurahi, nikiwa mkweli. Alitazama pembeni. Kisha akasema:

"Baba, kwa umri huo unajichosha bure. Mimi si nipo? Nitakutafsiria."

"Wewe unatafsiri kwa kupunja. Kama muuza mafuta mwenye kopo lililobonyea."

Akasema mtandao mbaya, akakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilimwona uso alivyoukunja, mkunjo kwa mkunjo.

Kwa umri huo. Umri huu juzi umepandisha friji ghorofa ya tatu kwa ngazi, na kijana aliyeshika upande wa pili ndiye aliyeomba tupumzike.

Mama Watoto anasema mtu aliyeshangaa tu hakasiriki vile. Nikamuuliza ana maana gani. Kasema hajui bado.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeanguka jaribio. Vibaya.

Mjerumani akisimulia jambo la jana anaficha kitenzi mwishoni. Unasubiri — amemfanya jirani, jana, na kaka yake, sokoni, kwa gari la shangazi — kumfanya nini? Kumpiga? Kumnunulia viazi? Huambiwi mpaka sentensi iishe, na ikiisha mimi nimeshasahau alikuwa nani.

Kuna kijana darasani, anakwenda kusomea uuguzi, visikizi vya muziki havimtoki shingoni. Akamwambia jirani yake kwamba mzee anatuchelewesha. Wala hakunong'ona. Mwalimu akajifanya anafuta ubao. Ubao ulikuwa mweupe.

Nimekusanya vitu vyangu nimetoka. Sirudi. Waje wao wajifunze Kiswahili, tuone ngeli zitakavyowanyoosha.

Jumapili, 20 Aprili

Simu. Chiriku kaongea. Kijana katafsiri: anasema amekula vizuri.

Nafunga daftari.

Jumatatu, 28 Aprili

Mwalimu amekuja karakana. Nilidhani friji yake imekufa. Kumbe kanifuata mimi. Akakaa juu ya kreti, kati ya makopo ya gesi, na viatu vyake safi vile.

Akaniambia pole kwa siku ile, alipaswa kumkanya yule kijana. Nikasema si yeye tu, hamu yenyewe imeniisha. Mwanzoni nilikuwa nakumbuka maneno hata nikiwa naoga. Sasa nikikifungua kile kitabu naona usingizi.

"Hamu ni kama umeme, mzee wangu. Unakatika. Ukikaa kuusubiri, nyama inaoza. Hasira bado unazo?"

"Za kugawa."

"Basi njoo nazo."

Kisha akaniuliza wenzangu wote wana mtihani wanaousomea, wangu mimi ni nani? Nikasema Chiriku. Akasema kwa hiyo niambie, unataka kumwambia nini? Sikutegemea swali hilo. Nikajishughulisha na koleo. Nikasema nataka kumuuliza anaogopa nini. Anapenda kula nini. Wanakuja lini. Na kama mtu ananisema vibaya nyumbani kwao, nataka nisikie mwenyewe.

Akasema tuanze na hayo. Kijerumani chote, hata Wajerumani wenyewe hawakijui.

Kesho narudi. Nakaa mstari wa mbele, yule wa visikizi atauona mgongo wangu mpaka aukariri.

Jumapili, 11 Mei

Nimemuuliza Chiriku kwa Kijerumani: unaogopa nini?

Akatoa macho. Akamgeukia baba yake, akanigeukia mimi. Kisha akajibu, na nikaelewa — mbwa! Mbwa wa jirani, mkubwa, mweusi. Nikamwambia mimi pia naogopa mbwa. Uongo, lakini ndiyo sentensi niliyokuwa nayo. Alicheka mpaka akateleza mapajani. Mama Watoto kanishika bega, na bado ananishika nikiandika hapa, anadai anatafuta uzi kwenye shati.

Ila kuna jambo. Mkwe alipita nyuma, akainama, akamwambia kijana wetu maneno ya chinichini, usoni ana huruma fulani. Nikanasa neno moja: krank. Wiki hii tulikuwa na somo la hospitali. Krank ni mgonjwa.

Nikauliza, nani mgonjwa?

"Hakuna mgonjwa, Baba. Anasema msalimie Mama."

Nikamwambia krank si salamu. Mtandao ukawa mbaya tena.

Jumanne, 13 Mei

Mama Watoto anaamini mkwe ndiye mgonjwa na wanatuficha tusihangaike. Labda figo, labda moyo, kitu kisichoruhusu ndege. Kazi leo haikwenda. Nimeunga bomba la friji moja vibaya na gesi yote imetoka ikinizomea. Mwanamke wa watu nimemsema miaka yote kwamba anaringa, kumbe anaumwa! Na hasira zangu sasa zimekosa pa kukaa. Kwa nini tufichwe? Sisi si wazazi?

Nimemwomba Mwalimu anifundishe kuuliza habari za mgonjwa kwa adabu. Tumerudia mpaka mlinzi akaja kufunga.

Jumapili, 25 Mei

Simu imelia mchana, kabla ya muda wetu. Nilikuwa karakana. Chiriku peke yake, kashika tableti karibu mno, naona pua na pengo la jino. Baba kaenda dukani. Mama anaoga. Hayo yote nimeyaelewa bila mtu.

Nikauliza, taratibu: mama mgonjwa?

Hapana.

Wewe mgonjwa?

Hapana. Akacheka.

Baba?

Hapana!

Nani mgonjwa?

Akaacha kucheka. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kitu ambacho muulizaji ndiye anayekijua.

"Du, Opa."

Wewe, Babu.

Nikamwomba arudie. Akarudia polepole, kana kwamba mimi ndiye mwenye miaka sita. Sikushika yote. Nilishika: Baba anasema. Babu mgonjwa sana. Babu hataki wageni. Sisi hatuji. Kisha maneno nisiyoyajua, akaona siyajui, akanionyesha kwa mikono — anafunga sanduku la nguo. Analifungua. Anatoa nguo. Anafunga tena, anatoa tena.

Mama Watoto alikuwa kasimama mlangoni na chai yangu. Akauliza mtoto anasema nini. Nikamtafsiria. Mimi ndiye niliyetafsiri, neno kwa neno, sikupunja. Akaiweka chai juu ya friji ya mtu, akakaa kwenye kreti.

Mkwe akatokea, nywele kazifunga taulo. Akaniona na ovaroli, bisibisi mkononi, grisi mpaka kwenye viwiko. Akauliza jambo, ndani yake nikasikia hospitali. Nikasema hapana. Hospitali hapana. Kazi. Nikainua bisibisi aione. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, na ule uso wa huruma ukaondoka, ukaja mwingine. Huo sikuhitaji kamusi. Ni wangu mimi, tangu Machi.

Mlango wa kule ukafunguka. Kijana wetu, mifuko mikononi.

"Baba, mnaongea nini?"

Kwa Kiswahili, ili mkewe asielewe. Miaka yote ametuweka hivi, kila mmoja upande wake wa ukuta, na yeye ndiye dirisha.

Nikamjibu kwa Kijerumani. Nikasema: mimi si mgonjwa.

Simu ikakatika.

Sasa tuko nyumbani. Mama Watoto anasema, "Anatuonea aibu." Nikauliza aibu ya nini, hii ni mikono iliyomlea. Akasema hajasema aibu ina sababu, amesema anaiona. Kisha akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Kijana kapiga mara mbili. Sikupokea. Katuma ujumbe: Baba, naomba tuzungumze kwanza sisi wawili, kabla hujaongea na yeye. Kwanza! Nafasi ya kwanza amekuwa nayo tangu Chiriku azaliwe.

Inalia tena. Namba si yake. Picha pembeni ni ya mkwe. Hajawahi kunipigia yeye — angepiga aseme nini, na nani?

Natafuta kichwani neno la ametudanganya. Darasani hatujalifikia. Ninayoyajua ni mzima, nyumba, njoo. Mama Watoto kavuta kiti karibu yangu, kanyoosha kola yangu. Anasema pokea, itakatika.