Kiti Kitupu cha Mama

Alhamisi, kampeni zimepamba moto

Mimi na televisheni hii tutagombana. Tangu niilete nyumbani, Mama haamini kitu mpaka kitangazwe humo. Mtangazaji akisema "habari za jioni", yeye anajibu "nzuri, baba", halafu anawanyamazisha wapangaji wote.

Leo alasiri mdogo wake, Mjomba Hamisi, anayegombea udiwani kwa upinzani, alikuwa na mkutano pale Msimbazi. Mama alienda na kiti chake cha plastiki, kile chekundu chenye mkono uliofungwa waya. Watu walijaa mpaka barabarani. Mjomba alipopanda jukwaani, Mama aliinuka akakimbilia mbele kumpigia vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Nilikuwepo!

Saa mbili, taarifa ya habari. Eti mkutano umekosa watu. Picha ikaonyesha viti vitatu vitupu, na cha katikati ni chekundu, mkono umefungwa waya.

"Mama, si kiti chako hicho? Ulikuwa umesimama!"

"Kijana wa watu kavaa tai yake, adanganye ili iweje?"

Kura ni Jumapili. Kwa hali hii naogopa Mama atamnyima hata Mjomba kura yake.

Mara Mjomba akaingia kula, kama kawaida yake. "Shikamoo, dada."

"Marahaba." Mama akamtazama kwa huruma, akampakulia kipande kikubwa cha samaki. Kisha, kwa sauti ile ile iliyokauka:

"Pole, mdogo wangu. Kesho nitakuja mimi, angalau upate hata mtu mmoja."