Bunduki ya Sungura Kama Ile ya Baba

Shamba la Mulga Bend,
karibu na Coonamble,
New South Wales.
9 Julai 1988

Mpendwa Kaka Lindsay,

Hujambo huko Kanada? Mgongo umepoa, au bado unabeba magogo kama kijana? Wifi naye? Sisi wazima, ila baridi ya asubuhi inakata vidole.

Nimepata bunduki kama ile ya Baba. Si ile yenyewe. Ile Trevor, shemeji yetu huyu aliyemwoa ndugu yetu Glenys, aliitupa na vyuma chakavu wiki tuliyomzika mzee, bila kumuuliza mtu. Hii nimeinunua kwenye mnada wa shamba la akina Brannigan. Ni ya risasi moja moja, zile ndogo tulizokuwa tukizitia mfukoni kama njugu, na komeo lake limelegea kama la kwetu. Nilipoiweka begani nikaukumbuka mwaka wa ukame. Baba asipopata sungura, tulilala na chai.

Trevor alikuwapo. Hakosi mnada, wala hanunui kitu. Kofia yake haijawahi kuonja vumbi. Akaniuliza mbele ya watu, "Shemeji, fimbo hiyo ya nini? Nyama si iko buchani?"

"Iko," nikamwambia. "Na wewe hata buchani ungeikosa shabaha."

Watu walicheka. Naye akacheka, maskini, akidhani anachekwa mwingine.

Jumapili akaja na chupa ya divai. Anataka nimwazime bunduki aitundike juu ya meko yake, wageni wake kutoka Sydney waione. Atawaambia ni urithi wa familia. Nilimwacha amalize, kisha nikamwambia urithi wa familia uko jalalani, achukue sepeto akaufukue. Divai aliondoka nayo. Glenys alibaki garini akitazama magoti yake. Namhurumia, lakini hakuna aliyemwokotea mume yule, alimchagua mwenyewe.

Sasa habari ya Mama. Tangu Krismasi hanijui. Huko nyumba ya wazee ananiita nesi. Alhamisi nilipiga sungura bondeni, nikaisafisha bunduki kwa mafuta yake, nikaenda kumwona bila kunawa vizuri. Nilipomlisha uji alinishika kifundo cha mkono, akanusa yale mafuta, akanusa tena.

"Nerida," akasema. "Umepata wangapi?"

"Wawili, Mama."

Akauachia mkono wangu kama kitu kilichooza. "Wawili tu? Na mchana kutwa uko nje? Baba yako akirudi usimwambie."

Kaka, sijapata kutukanwa nikafurahi hivyo. Nilikaa pale hadi akasinzia. Njoo mapema, usingoje telegramu.

Nisalimie wifi Odile na mwanao Garth, na shangazi Thelma ukimwandikia. Mungu awape jua zuri kwenye kiangazi hicho.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipojibu,
Nerida