Ubishi wa Majasusi Wawili

Bagamoyo,
14 Agosti, 1973

Kwa mdogo wangu Biubwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa mwili, na kwamba moyo nao, ingawa umeelemewa, unapata japo saa chache za kupumua. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto linalonisumbua kila ninapoinuka katika sala. Wifi yako Mwajabu ni mzima, na kila siku huuliza kama unakula. Ukijibu, mwambie ukweli, kwa sababu amekwisha kuambiwa na watu watokao Pangani kwamba umekonda.

Barua yako ya mwanzo wa mwezi nimeipata. Umenieleza kwamba eda yako itakwisha mwezi ujao, na kwamba ukishatoka ndani unataka isomwe Halbadiri, dua ya kumwapiza dhalimu, hapo nyumbani dhidi ya Haji fundi cherehani, ambaye alimwandikia marehemu mumeo Mbaruku taarifa ya uongo kwamba ni jasusi. Umeniomba mimi, kaka yako mkubwa, nikutafutie wasomi wa hapa Bagamoyo, kwa kuwa wa huko unaona watakushauri usamehe. Nimechelewa siku tisa kukujibu, na ucheleweshaji huo haukutokana na posta.

Kabla hujatandika mkeka wa kisomo hicho, ni haki yako ujue jambo lilivyoanza. Ulikuwa hapa Bagamoyo wakati huo, lakini mambo ya baraza la wanaume yalikufikia nusu nusu.

Unazikumbuka zile picha za sinema za jasusi wa Kizungu. Kila ilipoletwa mpya Dar es Salaam, sisi watu wa baraza la Haji tulipanda basi la asubuhi, tukaitazama mchana na kurejea kabla ya Magharibi. Watu walishangaa kuniona nami nimo, mwalimu wa sarufi mwenye mvi. Nilikwenda kwa sababu mimi ndiye niliyeelewa Kiingereza, na katika basi la kurudi niliwaeleza wenzangu yale waliyoyaona bila kuyasikia. Nisifiche kwamba nilizipenda.

Kwa miaka mingi jasusi huyo aliigizwa na mtu mmoja. Kisha ikaja picha ambayo jina la jasusi lilikuwa lile lile na mkubwa wake alikuwa yule yule, ila sura ilikuwa ya mtu mwingine. Majaliwa muuza samaki alisimama katikati ya ukumbi akauliza kwa sauti kama na sisi tutarudishiwa watu wengine nyumbani. Aliporudi barazani alisema kwamba yeye mkewe akiletewa mume mwenye jina la Majaliwa na sura ya mwingine, hatapiga kelele hata kidogo, atamkaribisha ndani na kumshukuru Mungu. Haji alimjibu kwamba mke huyo atakuwa amebahatika, maana wa pili huenda asinuke ng'onda.

Tangu siku hiyo baraza liligawanyika, kama baba zetu walivyogawanyika katika ngoma ya beni. Haji aliongoza kundi la wa Kwanza. Hoja yake ilikuwa ya fundi: alisema kwamba wa Kwanza alilivaa koti, na wa Pili alivaliwa na koti. Sisi wa kundi lake tulimwita wa Pili Mwali, kwa kuwa alikuwa ametolewa ndani juzi na hajui aweke wapi mikono. Mumeo aliongoza kundi la wa Pili. Alitujibu kwamba siku ya sherehe watu huenda kumtazama mwali, hakuna anayekwenda kumtazama bibi yake. Alisema pia, na neno hili nimelikumbuka sana mwaka huu, kwamba wa Kwanza hakumpendeza kwa sababu haogopi. Mtu anayerushiwa risasi bila kuogopa, alisema, hajaelewa bado anachorushiwa. Lakini wa Pili akifukuzwa, unaona usoni mwake kwamba anataka kurudi kwao.

Picha iliyofuata ilimrudisha wa Kwanza. Tulidhani ubishi utakwisha, kumbe ndiyo ulipata kuni. Sisi tulisema mwenye nyumba amerejea. Wao walisema amerejea kwa kuwa mpangaji ameondoka mwenyewe, na kwamba mwenye nyumba amenenepa.

Hapo ndipo ulipobuniwa mchezo. Kundi lililoshindwa ubishi wa wiki lilipaswa kumtoa mtu mmoja amfuate mmoja wa kundi lililoshinda, kuanzia Alasiri hadi Magharibi, bila kuonekana. Habari zake ziliandikwa kwa herufi kubwa kama za mashine, ili mwandiko wa mtu usijulikane, na zikasomwa barazani siku ya Ijumaa. Taarifa iliyomhusu Majaliwa ilisema kwamba mtuhumiwa alinunua mihogo ya kuchoma akaila yote kabla ya kufika kwake, akamwambia mkewe ana njaa. Tulicheka mpaka wapita njia wakasimama.

Hatukufikiri kwamba mwaka ule haukuwa wa mchezo wa aina hiyo. Vita vya Wareno vilikuwa vikiendelea ng'ambo ya Ruvuma, mgambo walilinda ufuko, na sisi mabalozi wa nyumba kumi tuliagizwa kila mwezi kupeleka taarifa ya wageni na mambo yasiyo ya kawaida. Na Mbaruku alikuwa mpiga picha, mtu wa kuzunguka na kamera begani kutoka harusi hadi harusi.

Mengine unayajua. Mwezi wa Julai mwaka jana, Haji alimfuata mumeo siku aliyokwenda Mlingotini kwa baiskeli kumpiga picha bibi harusi. Siku mbili baadaye, katika taarifa zangu za nyumba kumi zilizofika ofisini, ilikutwa karatasi ya herufi kubwa. Ilisema kwamba Mbaruku alisimama njiani mara tatu akiutazama ufuko, kwamba alichora ramani, na kwamba alikutana na wageni wawili waliozungumza lugha isiyofahamika. Alichukuliwa siku hiyo hiyo. Watu wa baraza walikwenda kueleza habari za mchezo, lakini walijibiwa kwamba mihogo ni mchezo, wageni wawili si mchezo. Haji alihojiwa siku mbili. Alikiri kumfuata mumeo, akakana karatasi, na alipoulizwa ni ya nani akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikomhukumu mbele ya watu. Tangu wakati huo hakuna anayempelekea nguo ya kushona. Mkewe Sikuzani amerudi kwao Saadani pamoja na watoto. Pale dukani pana cherehani moja na Haji, na baraza halina mtu.

Biubwa, karatasi ile niliiandika mimi.

Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa kundi letu, na ni Haji peke yake aliyelijua hilo. Alikuja kwangu usiku ule akanisimulia alichokiona, nami nikaandika. Mumeo alisimama mara tatu, ni kweli: mara ya kwanza alijaza upepo gurudumu, mara ya pili alikunywa dafu, mara ya tatu aliitazama bahari. Hakuchora kitu. Hakukutana na mtu. Ramani na wale wageni wawili niliwaongeza mimi baada ya Haji kuondoka.

Utaniuliza kwa nini. Ijumaa iliyotangulia, Mbaruku alituambia kwamba wa Kwanza kurudi katika picha ni sawa na mwalimu aliyestaafu ambaye kila asubuhi hupita mbele ya shule kutazama kama kengele itamngoja. Watu walicheka, nami nikacheka. Shemeji ana haki ya kutania. Lakini nilikuwa nimestaafu miezi saba tu, na ni kweli kwamba nilikuwa nikipita mbele ya shule. Sikujua kama kuna mtu aliyeniona. Basi nilitaka Ijumaa ile asomewe taarifa itakayomtoa jasho, watu wamcheke yeye. Niliiandika vizuri sana. Niliisoma mara mbili nikaridhika nayo.

Kisha niliiweka ndani ya daftari langu la nyumba kumi, na asubuhi nikalipeleka daftari ofisini kama ilivyokuwa desturi, pamoja na karatasi hiyo. Nilisahau. Hadi hapo naweza kusema kwamba nilisahau, na Mungu ni shahidi wangu. Yaliyofuata sikuyasahau wala sikuyakosea. Niliitwa, nikaonyeshwa karatasi, nikaulizwa imetoka wapi. Mbele yangu walikaa watu watatu nisiowafahamu, na mmoja wao alikuwa ameshika kalamu. Nilijua kwamba nikisema ni yangu, nitaulizwa kwa nini balozi anamzulia raia ujasusi. Nikawaambia kwamba niliikuta imepenyezwa chini ya mlango wangu, na kwa kuwa ilihusu usalama nimeona ni wajibu wangu kuifikisha. Yule mwenye kalamu alinishukuru.

Nilijipa siku mbili, nikidhani watamwachia. Siku mbili zikawa wiki, wiki zikawa miezi, na kila siku iliyopita ilifanya siku iliyofuata iwe ngumu zaidi kusema. Wewe ulikuwa ukija kwangu kulia. Nilikuandikia barua zote za kumwombea, na ulizisifu, ukasema hakuna mwenye Kiswahili kama changu. Katika barua hizo zote sikuandika neno moja ambalo lingemfungulia mlango.

Mbaruku alipotoka baada ya miezi saba na kikohozi kile, kabla hamjapanda basi la kurudi kwao Pangani, uliniacha naye kwenye benchi ukaenda kununua maji. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba kuna jambo linamsumbua. Alisema: “Mwalimu, hao wageni wawili, nimewatafuta kichwani miezi saba siwapati. Inawezekana niliongea nao nikasahau?” Alikuwa hanilaumu. Alikuwa ananiuliza kama mtu anayemwuliza mwalimu jibu la hesabu. Nilimwambia apumzike, asiwaze. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia mumeo duniani. Amekufa huku akiwatafuta watu niliowatunga mimi ili achekwe.

Haji nilimfundisha kusoma. Kila tunapokutana hunipa shikamoo, nami humwitikia marahaba, na hatusemi zaidi. Nilidhani ananyamaza kwa hofu. Juzi, baada ya kuisoma barua yako kwa mara ya mwisho, nilikwenda dukani kwake kumwambia kwamba nitasema. Alikuwa akikata sanda, kwa sababu sanda tu ndizo watu bado humletea. Hakuinua kichwa. Aliniambia kwamba alikuwa akiningoja, maana aliona si adabu kumsemea mwalimu jambo ambalo mwalimu atalisema mwenyewe. Kisha aliniuliza kama nimekwisha kukuandikia wewe. Niliposema bado, alisema nianze na wewe, akaendelea kukata.

Sikuanza na wewe, nisamehe kwa hilo pia. Jana nilikwenda ofisini nikaandika maelezo yangu, safari hii kwa mwandiko wangu, nikaweka sahihi. Kijana aliyeyapokea aliniambia kwamba jalada la Mbaruku limefungwa kwa kuwa mwenyewe amefariki, na kwamba wataniita kama nitahitajika. Leo, baada ya sala ya Adhuhuri, niliomba ruhusa nikasimama msikitini nikasema. Majaliwa, ambaye hajapata kukosa neno maishani mwake, alichukua viatu vyake akatoka. Mwajabu nilimwambia mwenyewe kabla ya hapo. Amefunga mlango wa chumba, na salamu zake nilizokuandikia hapo juu ni za jana.

Sikuandikii ili unisamehe, na sitakuomba jambo ambalo sikustahili kuliomba hata nilipokuwa sijafanya kosa. Wala sitakukataza kisomo chako, kwa maana mwenye kudhulumiwa ana haki ya kumlilia Mola wake. Wasomi uliowataka nimewapata. Nimewaeleza kwamba aliyetendewa ni mjane wa Mbaruku, nao wamekubali kuja Pangani siku utakayoitaja. Ninachokuomba ni kwamba jina la Haji lisitamkwe siku hiyo, hata kwa bahati mbaya.

Kiongozi wao ameniambia kwamba atakuuliza mambo mawili, jina la mtu anayesomewa na jina la mama yake mzazi. La kwanza nimekuandikia mwisho wa barua hii. La pili ni lile unaloliombea rehema kila unapomaliza sala, kwa kuwa mama yake ni mama yako.

Nisalimie wakwe zako wote, wakubwa kwa wadogo, kama salamu zangu bado zinapokelewa katika nyumba hiyo. Mwenyezi Mungu amrehemu Mbaruku, akupe nguvu ya kuimaliza eda yako kwa heshima, na akuruzuku usingizi.

Wasalaam,

Ni mimi, uliyekuwa ukiniita kaka,

Mwinshehe